Kukariri si Kusoma: Mwongozo kwa Mwalimu wa Darasa la Kwanza na la Pili

Mwaka wangu wa pili kazini nilipewa darasa la kwanza, watoto 87 chumba kimoja. Kufika mwezi wa tano nilikuwa na binti mmoja niliyejivunia sana. Mgeni akija, namwita mbele, namkabidhi rula, naye anapita ubaoni tangu ba be bi bo bu mpaka za ze zi zo zu bila kukwama, na darasa zima linampigia makofi. Siku moja, watoto walipokwenda kunywa uji, nilimbakiza kidogo. Nikafunika ubao kwa daftari, nikamwachia silabi moja tu: bo. Akaitazama. Kisha nikaona midomo yake inacheza bila sauti: ba, be, bi... ndipo akasema kwa nguvu, "Bo!" Nikamwonyesha lu. Akaanza tena kushuka tangu ba.

Hakuwa anasoma. Alikuwa anaimba wimbo mrefu alioushika vizuri, na mimi ndiye niliyemfundisha kuuimba. Mwongozo huu umetokana na yale niliyojifunza baada ya siku ile. Umewalenga walimu wa darasa la kwanza na la pili wanaofundisha KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) kwa Kiswahili, hasa sisi wenye madarasa makubwa na vitabu vichache.

Kabla ya hatua zenyewe kuna jambo moja la kutia moyo. Maandishi ya Kiswahili ni rafiki wa mtoto. Irabu ni tano na kila moja ina sauti moja popote ilipo. Mtoto akishajua sauti za herufi na namna ya kuziunganisha, anaweza kusoma neno ambalo hajawahi kuliona. Kiingereza hakimpi zawadi hiyo. Mwaka 2003 watafiti wa Ulaya walichapisha matokeo ya kulinganisha watoto wanaojifunza kusoma katika lugha 13. Wale wa lugha zenye tahajia nyoofu, kama Kifini, walikuwa wakisoma maneno karibu yote kwa usahihi kufikia mwisho wa mwaka wa kwanza wa shule, lakini waliokuwa wakijifunza kwa Kiingereza walihitaji muda wa zaidi ya mara mbili ya huo. Kiswahili kiko upande wa Kifini. Kwa hiyo tunapomwona mtoto wa darasa la tatu anashindwa hadithi ya darasa la pili, jambo ambalo tathmini za Uwezo, zinazopima watoto kusoma na kuhesabu, zimekuwa zikituonyesha tangu 2010, tusiisingizie lugha. Turudi tukaangalie tulivyofundisha.

Hatua ya 1: Mpime kila mtoto kabla hujafungua kitabu

Wiki mbili za mwanzo wa muhula, usikimbilie mada. Andaa karatasi moja ngumu yenye sehemu tano: herufi 10 zilizochanganywa, silabi 10 zilizochanganywa, maneno 10 mafupi, sentensi mbili, na kihadithi cha maneno kama 30. Mwite mtoto mmoja mmoja, pembeni, wenzake wakiwa na kazi ya kuchora au kunakili. Anasoma kutoka juu kwenda chini. Pale anapokwama mara tatu mfululizo, msimamishe kwa upole, mwambie amefanya vizuri, andika alipofikia. Dakika mbili zinatosha kwa mtoto mmoja.

Ongeza kitu kimoja ambacho walimu wengi hatukizoei: maneno matatu yasiyo na maana, kwa mfano fope, gelu, nusho. Neno mama mtoto anaweza kulitambua kwa sura tu, kama anavyoitambua nembo ya dukani. Fope hajawahi kulisikia popote. Akilisoma sawasawa, ujue anaunganisha sauti kwa akili yake. Akilisoma popo, au akikutazama usoni akisubiri umsaidie, umeshajua kazi yako inaanzia wapi.

Baada ya hapo gawa darasa katika makundi manne: wa herufi, wa silabi, wa maneno, wa hadithi. Usiyaite majina yanayoumiza. Mimi huyaita kwa majina ya matunda na kuyachanganya, hata mtoto hajui embe ni juu ya ndizi au chini yake.

Hatua ya 2: Anza na sikio

Mtoto ambaye hasikii kwamba samaki ni sa-ma-ki, ukimwekea herufi ubaoni anaona michoro tu. Dakika tano za mwanzo wa kila kipindi, kwa wiki sita za kwanza za darasa la kwanza, ziwe za sikio peke yake, bila chaki.

Pigeni makofi kwa silabi: ku-ku, ma-ku-ti, ki-ti. Uliza: neno samaki linaanza na nini? Linaishia na nini? Ukiondoa sa kinabaki nini? Nani ana neno jingine linaloanza kama kiti? Halafu nenda mbali zaidi, kwenye sauti moja moja: mama, meza, mimi, yote yanaanza na mmm.

Watoto wetu wana mchezo wao wa siku zote unaofanya kazi hii kuliko zana yoyote ya kununua. Ni kinyume, ile lugha ya kufichana siri ambapo maji yanakuwa jima na kaka anabaki kaka. Mtoto anayeweza kupindua silabi kichwani namna hiyo ana sikio lililokomaa. Nilipowaruhusu watoto wangu wacheze kinyume darasani, badala ya kuwanyamazisha, wale waliokuwa kimya kwenye makofi walianza kuchangamka. Anza na maneno ya silabi mbili: meza ni zame, baba ni baba, kiti ni tiki. Waachie wao wakutege wewe.

Kama shule yako iko kijijini ambako watoto wanakuja na Kisukuma, Kimaasai, Kigogo au lugha nyingine ya nyumbani, hatua hii inahitaji muda mrefu zaidi. Usimfundishe mtoto kusoma neno ambalo hajui maana yake kwa mdomo. Tumia majuma ya mwanzo kumjengea Kiswahili cha kuzungumza: vitu vya darasani, viungo vya mwili, amri za vitendo (simama, leta, funga mlango), wanyama, vyakula. Kama unaijua lugha yao, itumie kufafanulia bila haya yoyote.

Na matamshi? Mtoto wa Mara akisoma kurara mahali palipoandikwa kulala, au wa bara akisoma zahabu kwenye dhahabu, jiulize kwanza: ameshindwa herufi, au ni ulimi wake? Akikueleza kwamba kulala ni kile tunachofanya usiku tukishikwa na usingizi, amesoma. Ulimi mrekebishe polepole wakati wa mazungumzo, usimkatize katikati ya sentensi aliyoipigania.

Hatua ya 3: Herufi kwa sauti yake, na kwa mpangilio wenye faida

Usifuate a, b, ch, d. Mpangilio huo ni wa kamusi. Fuata mpangilio unaompa mtoto maneno ya kusoma mapema iwezekanavyo. Mimi huanza na a, i, u, kisha m, k, t. Kwa herufi hizo sita tu mtoto tayari anasoma mama, mimi, kaka, kuku, kumi, tatu, kiti, kata, mti. Angalia furaha yake wiki ya tatu anapogundua kwamba anasoma neno kamili! Kisha nafuata e, o, l, n, b, s, na kuendelea. Zile zinazotokea mara chache kama gh, dh, th na kh ziache mwisho.

Herufi zinazofanana sura zitenganishe. Usifundishe b na d wiki moja, wala m na n. Kwa b na d, waonyeshe mkono unavyoandika: b huanza fimbo halafu tumbo, d huanza tumbo halafu fimbo. Kuchanganya herufi hizi mwaka wa kwanza ni kawaida. Si dalili ya uzito wa akili.

Hapa kuna kosa linalochelewesha watoto wengi kuliko mengine yote: kufundisha majina ya herufi badala ya sauti. Mtoto aliyefundishwa kwamba m ni "em" na a ni "ei" ukimwambia aunganishe atapata "emei". Atawezaje kufika kwenye ma? Mfundishe mmm, sss, lll, fff, sauti zinazoweza kuvutwa, na aziteleze kwenye irabu: mmm-aaa, ma. Kwa sauti zinazokatika ghafla kama b, k, t, usihangaike kuzitamka peke yake kwa muda mrefu. Ukizivuta unazipachika irabu isiyokuwapo. Zipeleke haraka kwenye silabi. Na kwa kuwa c haisimami peke yake katika Kiswahili, fundisha ch kama herufi moja tangu siku ya kwanza, vilevile sh na ny.

Hatua ya 4: Silabi zilizochanganywa

Silabi ndiyo moyo wa kusoma Kiswahili, na sisemi tuache ba be bi bo bu. Nasema tusiishie hapo. Mpangilio ule uwe wa dakika mbili za kutambulisha, kisha uvunje mara moja.

Kata maboksi ya katoni vipande vya ukubwa wa kiganja, andika silabi moja kila kimoja kwa wino mnene. Au tumia vizibo vya soda: bandika karatasi ndogo ndani ya kizibo, andika silabi. Vizibo 40 vinatosha kundi la watoto sita, na havichakai haraka. Watoto wavimwage chini, mmoja aite silabi, wenzake waitafute. Kisha waunde maneno: wachukue ka, ta, wapate kata, wageuze, wapate taka. Hapo ndipo mtoto anapoelewa kwamba herufi si wimbo, ni matofali.

Kila siku, kabla ya kufuta ubao, gusa silabi kumi kwa mpangilio wa ovyo na umwite mtoto mmoja mmoja, si darasa zima. Sauti ya pamoja inaficha watoto. Katika watoto 80 wanaoitikia kwa nguvu, huenda 20 ndio wanaosoma na 60 wanawafuata kwa nusu sekunde. Yule binti wangu wa rula nilimrudisha kwenye vizibo kwa wiki tatu. Hakupenda, alizoea kuwa wa kwanza. Lakini siku alipopanga bo na ga pembeni ya mwenzake, akanyamaza, kisha akasema polepole "boga", hakuhitaji mtu yeyote kumpigia makofi.

Hatua ya 5: Pale Kiswahili kinapotega

Lugha yetu ni nyoofu lakini ina kona zake, na mwalimu azijue kabla mtoto hajagonga.

Kona ya kwanza ni m na n zinazosimama peke yake kama silabi. Mti ni m-ti, makofi mawili. Mtoto ni m-to-to, makofi matatu. Watoto wengi, na hata watu wazima, huongeza u: muti, mutoto. Sasa tazama mbu na mbuzi. Yote yanaanza na mb. Lakini mbu ni m-bu, makofi mawili, na mbuzi ni mbu-zi, mawili pia. Vivyo hivyo mvua ni mvu-a, ila mvuvi ni m-vu-vi. Mbwa, nchi, nge na nne zote ni za makofi mawili. Huwezi kumpa mtoto wa miaka saba kanuni ya jambo hili. Mpe makofi, na umpe maneno hayo mawili mawili mpaka sikio lake likubali.

Kona ya pili ni ng na ng'. Ngoma na ng'ombe. Kile kialama kidogo juu mtoto hukiona kama uchafu wa chaki. Kichore kikubwa, kwa chaki ya rangi kama unayo, na uwaambie ng'ombe bila alama hiyo amepotea.

Kona ya tatu ni konsonanti zilizoambatana: mb, nd, nj, nz, kisha bw, kw, tw, mw, na zile ndefu kama ndw, ngw, nyw. Zifundishe moja moja kwa kujenga: anza na ba, weka m mbele, upate mba, anza na wa, weka k mbele, upate kwa. Usiandike orodha ya ishirini ubaoni siku moja.

Kona ya nne ni maneno ya mkopo ambayo silabi yake inaishia na konsonanti: daktari, daftari, maktaba, labda, askari. Mtoto aliyezoea kila silabi kuishia na irabu atasoma dakitari. Mwonyeshe kwa kidole: dak, simama kidogo, ta-ri.

Hatua ya 6: Maneno marefu

Hapa ndipo watoto wengi wa darasa la pili wanapoangukia, na sisi tunadhani wamesahau silabi. Hawajasahau. Wameona tutakapowatembelea, neno moja lenye silabi tisa, na macho yamechoka kabla ya kufika nusu.

Jenga neno kama ngazi, mstari kwa mstari ubaoni:

soma
anasoma
anamsomea
anayemsomea

Mtoto asome kila mstari, kisha aeleze kilichobadilika. Nani anasoma? Anamsomea nani? Muda si mrefu ataanza kuona a-, na-, -m-, -ye- kama vipande anavyovifahamu. Halafu fanya kinyume chake: andika hatutawasahau, waambie watafute neno dogo lililojificha ndani. Wakipata sahau, wazungushie duara, kisha vipande vya mbele vinasomeka vyenyewe. Watoto wangu huuita mchezo huu kumtafuta mtoto mgongoni, na wanausubiri.

Kumbusha pia mkazo. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo neno likirefushwa mkazo unahama. Mtoto anayesoma kila silabi kwa nguvu ileile, ta-ta-ta-ta, kama bunduki, bado hajalisikia neno. Msomee wewe, yeye arudie.

Hatua ya 7: Wepesi

Mtoto anayechukua sekunde tano kwa kila neno, akifika mwisho wa sentensi ameshasahau mwanzo wake. Ndiyo maana wepesi si mapambo. Mimi hulenga mtoto amalize darasa la pili akisoma maneno kama 50 sahihi kwa dakika katika hadithi mpya, kwa sauti ya kuzungumza.

Njia ni kurudia, lakini kurudia kwenye uhai. Mwalimu asome sentensi, darasa lifuate kama mwangwi, likiiga na sauti yake, pamoja na kupumzika kwenye mkato na nukta. Kisha wasome wawili wawili kitabu kimoja, mmoja akisoma ukurasa, mwingine akifuata kwa kidole na kumkumbusha, halafu wabadilishane. Hadithi ileile isomwe siku tatu: siku ya kwanza kwa kutafuta maneno, ya pili kwa usahihi, ya tatu kwa kuigiza sauti za wahusika. Vitendawili vinafaa sana hapa kwa sababu ni vifupi na vina maana ya kutafutwa. Andika ubaoni "Nyumba yangu haina mlango", anayesoma vizuri ndiye anayepata nafasi ya kutegua.

Usimwite mtoto dhaifu asome mbele ya wote bila kumwandaa. Mpe sentensi yake jana yake, aifanyie mazoezi na mwenzake, kesho asimame akiwa na uhakika. Na fimbo, kibao au kejeli kwa sababu ya kukosea kusoma, sitavizungukia: viondoke kabisa. Mtoto mwenye hofu anatazama mkono wako, si maandishi.

Hatua ya 8: Maana

Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer walieleza jambo ambalo kila mwalimu wa KKK angelibandika ukutani: kusoma kwa kuelewa ni zao la kuzidisha uwezo wa kutamka maandishi kwa uwezo wa kuelewa lugha. Ni kuzidisha, si kujumlisha. Moja likiwa sifuri, jibu ni sifuri. Mtoto anayetamka kila neno bila kuelewa hajasoma, na anayejua Kiswahili kama maji bila kujua herufi naye hajasoma.

Kwa hiyo kila siku msomee darasa hadithi kwa dakika kumi, hata kama wao bado wako kwenye silabi. Lugha yao ikue huku macho yao yakijifunza. Kabla ya kusoma waonyeshe picha, waulize wanadhani nini kitatokea. Katikati, simama uwaulize tena.

Kwa maandishi wanayosoma wao, andaa vihadithi vifupi mwenyewe. Hiki ni kimoja ninachokitumia:

"Asha ana kuku. Kuku ametaga mayai sita. Asha anataka kula mayai yote. Mama anasema, 'Matatu tutakula, matatu tutamwachia kuku.' Baada ya wiki tatu, Asha aliona vifaranga watatu."

Swali la kwanza linatoka kwenye maandishi: kuku alitaga mayai mangapi? La pili halijaandikwa popote: kwa nini mama hakutaka wale yote? La tatu ni la mtoto mwenyewe: ungekuwa Asha, ungefanyaje? Sisi walimu huwa tunamaliza na swali la kwanza, tunaridhika mikono ikinyooshwa, tunafunga kitabu. Anza na la kwanza, lakini muda mwingi uwe kwenye la pili. Na mtoto akijibu, muulize: umejuaje? Hapo utasikia akili yake inavyotembea.

Hatua ya 9: Imla fupi kila siku

Kusoma na kuandika ni mapacha. Dakika sita za mwisho za kipindi, tamka silabi tatu, maneno mawili na, kwa darasa la pili, sentensi moja. Watoto waandike. Usisahihishe kwa vema na kosa tu. Soma makosa kama barua. Aliyeandika muti anakwambia hajasikia m peke yake. Aliyeandika gombe anakwambia sauti ya ng' haijamwingia. Aliyeandika kiatu kama katu anaruka irabu. Aliyeacha ukurasa mweupe huenda hasikii unachotamka, au haoni vizuri. Huyo mhamishe mbele, na ikiwa bado anakunja macho au anageuza sikio moja, ongea na mzazi wake ampeleke kituo cha afya.

Kipindi kizima cha dakika 30 kinaweza kwenda hivi: dakika 3 za michezo ya sauti, 5 za kurudia silabi za jana kwa kadi, 8 za herufi au silabi mpya, 8 za kusoma wawili wawili au kwenye makundi, 6 za imla. Hadithi ya kuwasomea iweke kwenye kipindi kingine cha siku hiyo. Si sheria. Kuna siku kona moja ya lugha inakula kipindi chote, na iruhusu.

Hatua ya 10: Darasa kubwa na daftari la majina

Swali ninaloulizwa kila semina ni hili: nitamsikilizaje kila mtoto nikiwa na 90? Msikilize mmoja kwa dakika moja, watano kwa siku. Kwa siku 18 za shule umewasikiliza wote 90. Ni chini ya mwezi. Fanya hivyo wakati makundi yana kazi: kundi moja na vizibo, jingine linasoma wawili wawili, jingine linanakili na kuchora. Darasa likiwa finyu, kundi moja litoke na mkeka chini ya mti, liongozwe na mtoto anayesoma vizuri. Ila huyo kiongozi mbadilishe kila wiki, naye ana haki ya kujifunza kitu kipya.

Weka daftari dogo lenye jina la kila mtoto na mstari mmoja: tarehe, anachoweza, anachokwama. "Anasoma ma-mu vizuri, anachanganya b na d." Mstari huo ndio utakaoandaa andalio la somo la wiki ijayo kuliko azimio la kazi lililonakiliwa toka mwaka jana. Anayepanda, mhamishe kundi papo hapo, usingoje mwisho wa muhula.

Hatua ya 11: Vitabu na nyumbani

Mtoto anayesoma vizibo pekee atachoka. Anahitaji hadithi. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umekuwa ukisaidia vitabu vya Kiswahili vya watoto kupatikana tangu 1991, na kwenye mtandao African Storybook wana hadithi za Kiswahili za bure ambazo unaweza kuzichapa. Ukikosa vyote viwili, watoto wakusimulie, wewe uandike kwenye karatasi za manila, wao wachore. Kitabu kilichotungwa na darasa ndicho kinachoraruka kwanza kwa kusomwa.

Kikao cha wazazi, usiwaambie "msaidieni watoto kusoma" kisha ukaishia hapo. Mzazi ambaye hakusoma anarudi nyumbani akiwa na aibu tu. Mpe kazi anayoiweza: jioni, wakati anapika au anasuka ukili, mtoto akae karibu amsomee ukurasa mmoja. Mzazi asikilize mpaka mwisho, kisha aulize swali moja, "Imesema nini?" Mtoto akieleza vizuri, amesoma. Akibaki anarudia maneno bila kueleza, mzazi amtume kesho amwambie mwalimu, na mwalimu afungue daftari lake kwenye jina hilo.